Nilianza na Taa: Miaka Mitatu na Peugeot 404

Kitu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya gari langu kilikuwa taa. Gari lenyewe lilikuwa halijawaka kwa miaka kumi na minne, sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu mpaka unaona nyasi chini, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Lakini mimi tayari nilikuwa na taa nne za duara, wati 100 kila moja, nimezifunga kwa magazeti na kuziweka chini ya kitanda. Nilikuwa nimeziona kwenye picha za zamani za Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, taa zimejipanga mbele ya rejeta. Akilini mwangu gari la mashindano lilikuwa hizo taa, namba kubwa mlangoni, na matope mpaka kwenye kioo.

Naandika haya kwa sababu siku hizi watu hunitumia picha za magari ya zamani wanayoyafufua, na karibu kila picha inaanzia pale nilipoanzia mimi. Taa zipo, stika zipo, rimu zinang'aa. Injini iko chini ya turubai.

Baba yangu alikulia Korogwe. Pasaka moja ya miaka ya sitini yeye na watoto wenzake walikesha kando ya barabara kuu kungoja magari ya mashindano yapite. "Tulisikia kabla hatujaona," alikuwa akisema, na kila aliposimulia alinyamaza kidogo hapo, kana kwamba anasikiliza tena. Mashindano yale, ndiyo Safari Rally, yalianza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamepamba moto. Barabara hazikufungwa. Madereva walipishana na malori, mabasi, ng'ombe na watu wanaotoka kanisani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda kwa 404 vilevile. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, ndiyo maana wazee wa huku bado wanamtaja kama mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo Baba alipofariki, na mwaka uliofuata nikasikia kuna 404 imelala chini ya mparachichi huko Lushoto, milimani Usambara, sikuuliza maswali mengi. Nilipanda nikaiona, nikalipa shilingi milioni moja na laki nane, nikakodi lori la kuishusha Tanga. Ningeuliza maswali mengi zaidi kama ningekuwa nanunua mbuzi.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo. Sikwenda na sumaku. Baadaye nilijifunza kutembea na sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu ya redio, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Unaipitisha taratibu chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, kwenye kona za sakafu. Inaponata, pana bati. Inapoteleza na kuanguka, pana puti, ile lepe ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, na nyuma ya puti mara nyingi hapana kitu. Gari langu lilikuwa limepakwa puti upande mzima wa kushoto, limesuguliwa vizuri na kupulizwa rangi na mtu aliyejua kuficha. Hewa ya Usambara ina unyevu mwaka mzima, na kutu ilikuwa inakula kwa ndani huku nje panapendeza.

Fundi bodi wa kwanza niliyempelekea aliniambia, "Hii tupige puti, tupulize rangi, wiki mbili unaondoka nayo." Namshukuru Mungu sikuwa na hela wiki ile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ngamiani, hapahapa Tanga mjini. Alikuwa amefanya kazi ujana wake wote kwenye mashamba ya mkonge, nusu gereji ya magari ya shamba, nusu kiwandani kwenye mashine. Nilielekezwa kwake na muuza vipuri sokoni. Nilimkuta barazani anasafisha kabureta ya pikipiki, macho yamefifia lakini vidole bado vinajua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ulizobeba ni nini?"

Nilikuwa nimebeba taa. Sijui kwa nini nilizibeba. Nadhani nilitaka ajue kwamba sitanii.

"Taa za rally."

"Gari linawaka?"

"Bado."

Alichukua moja, akaigeuza, akapuliza vumbi. "Hii inafanya kazi gani?"

Nikamwambia inamulika. Akatikisa kichwa polepole, akasema nikalete gari kwanza, halafu taa tutazizungumza siku ambayo gari litakuwa na mahali pa kwenda usiku.

Swali lile, hii inafanya kazi gani, aliniuliza kwa kila kitu nilichokileta katika miaka mitatu iliyofuata.

Tulianza na bodi. 404 haina chesisi ya peke yake, yaani fremu ya chini, kama lori. Bodi lenyewe ndilo mifupa, na sehemu inayobeba zaidi ni ile mihimili ya chini ya milango, palepale kutu ilipoanzia karamu. Mzee hakukubali tukate kitu mpaka gari likae sawasawa juu ya stendi nne, tumepima kwa kamba kona kwa kona, na milango yote minne imefungwa mahali pake. Niliona ni kujichosha. Kwa nini kufunga milango ambayo kesho utaifungua upake rangi? Baadaye niliona gari la mtu mwingine lililochomelewa huku pua imeinuliwa kwa jeki moja. Rangi yake ilikuwa safi kuliko yangu, lakini mlango wa nyuma ulikuwa haufungi mpaka uubamize kwa nyonga, na hautafunga tena, kwa sababu bodi liliganda likiwa limejikunja.

Tukaongeza chuma pale ambapo barabara mbaya hupiga. Juu ya springi za mbele, bodi linapobeba shokapu, tuliweka mabamba ya mviringo na kuyachomelea. Panapofungwa shokapu za nyuma, hivyohivyo. Maungio ya bati ambayo kiwandani yalishikizwa kwa nukta nukta tuliyachomelea kwa vipande vifupivifupi, tukipishanisha pande ili joto lisivute bati. Kazi hii ilichukua miezi mitano na ukilitazama gari huioni kabisa. Wageni walikuja, wakatazama, wakauliza mbona hakuna kinachoendelea.

Mimi nilitaka kitu cha kuonekana, kwa hiyo nikajitengenezea ngao ya kulinda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilikata bamba la milimita 6, mita moja kwa sentimita 80, nikalifunga chini ya injini kwa bolti nene, nikajisifu. Mzee akachuchumaa.

"Lina kilo ngapi?"

Sikuwa nimepima. Ukipiga hesabu ni kilo 38 hivi, zote zikiwa mbele, kwenye springi zilizopangwa kubeba injini tu. Pua ya gari ilikuwa imeinama. Isitoshe, bamba halikuwa na tundu hata moja. Hewa inayopita kwenye rejeta lazima itoke mahali, na mimi nilikuwa nimeziba njia yake ya kutokea. Tulilitupa, tukatengeneza la milimita 3 lenye mbavu za angle line, limekunjwa mbele kama ulimi wa mtumbwi ili lipande juu ya jiwe badala ya kulichota, lina matundu ya hewa, na tundu moja kubwa chini ya nati ya kumwagia oili. Lilikuwa na nusu ya uzito na lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ugumu unatoka kwenye umbo. Hilo nalikumbuka kila ninapoona mtu amefunga mabomba mazito mbele ya gari dogo.

Sasa nifike kwenye injini, kwa sababu ndipo niliposababisha hasara kubwa kuliko zote.

Injini ya 404 ina sentimita za ujazo 1,618 na imelazwa ubavu nyuzi 45, ndiyo maana boneti yake iko chini kiasi kile. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Ni silivu nne zinazochomekwa kutoka juu, maji ya rejeta yanazizunguka yakizigusa, na kinachozuia maji yasidondoke kwenye sampu ni gasketi nyembamba chini ya kila silivu, pamoja na hedi, kifuniko cha juu cha injini, inayozikandamiza kutoka juu. Ni mpango mzuri sana kwa nchi kama yetu: injini ikichoka hutafuti mashine ya kuchonga bloku, unachomoa silivu na pistoni unaweka nyingine, hata ukiwa porini. Lakini hedi ikishatoka, hakuna kinachozishikilia.

Mzee alinionya. Siku tuliyofungua hedi alisema, "Usiizungushe mpaka nirudi," akaenda kuswali Ijumaa. Kulikuwa na masizi juu ya pistoni. Mbili zilikuwa juu, mbili chini. Nikaona nikwangue zile mbili za juu, kisha nizungushe kidogo kwa hendeli ya kuwashia, hizo nyingine zipande, nimalize kazi Mzee akirudi akute pamesafishwa. Nilitaka kumfurahisha, na huo ndio ukweli wenyewe. Nikazungusha nusu duara. Nikaona silivu ya tatu inapanda pamoja na pistoni, kama unene wa unywele tu, kisha ikashuka.

Nikaisukuma chini kwa kiganja. Ilikaa. Nikajiambia imekaa.

Sikumwambia. Alipouliza kama niligusa kitu nilisema nilikwangua masizi tu. Tukafunga hedi kwa gasketi mpya niliyoagiza Ufaransa na kuingoja wiki saba, tukakaza bolti kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, tukaweka oili na maji, na injini ikawaka siku ya tatu. Sauti yake ilikuwa tamu. Majirani walitoka nje. Mama yangu alilia, akasema Baba yenu angeisikia hii.

Baada ya siku tisa nilichomoa kijiti cha oili nikakuta chai ya maziwa.

Mtu ambaye hajawahi kuona oili ya injini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ashukuru. Maana yake maji yako kwenye sampu, na beringi za krankshafti zinasuguana juu ya uji badala ya oili. Nilikaa chini ukutani. Kisha nikaenda Ngamiani nikamwambia Mzee kila kitu, tangu hendeli mpaka kiganja.

Hakufoka. Aliuliza tu, "Uliizungusha mara ngapi baada ya kuona?" Nikasema tulipanga taimingi, kwa hiyo duara nyingi. Akasema basi gasketi zote nne za chini tuzihesabu zimekufa, na kesho tunashusha injini.

Niliposafisha bloku mara ya pili nilielewa kwa nini ingevuja hata kama nisingezungusha tena. Chini pale silivu inapokalia palikuwa na chembe ya kutu ndogo kuliko punje ya mchele. Silivu ilipopanda, chembe ikaingia chini yake. Mara hii tulikwangua vikalio vyote mpaka ving'ae, tukaweka gasketi mpya, kisha Mzee akanifundisha kupima. Silivu inatakiwa isimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na zote nne zilingane, ili hedi izikandamize sawa. Unalaza rula ya chuma iliyonyooka, unapitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Moja ikiwa chini kuliko mwenzake, gasketi itapasukia hapo. Tukimaliza kupima, tulizifunga kwa bolti za zamani na washa kubwa ili zisinyanyuke hata mtu akizungusha kwa bahati mbaya. Washa zile ziligharimu shilingi elfu mbili. Gasketi, oili na beringi nilizonunua mara ya pili ziligharimu zaidi ya nusu ya bei ya gari.

Tangu siku hiyo nikikosea kitu gereji nasema palepale, mikono ikiwa bado na grisi.

Injini ilipotulia nilizitoa taa chini ya kitanda. Sasa gari lilikuwa na mahali pa kwenda. Mzee akasema haya, tufanye hesabu. Taa nne za wati 100 ni wati 400. Gawa kwa volti 12, ni ampea 33, kabla hujawasha taa za kawaida, waipa wala koili. Dainamo ya gari hili, inayozalisha umeme, haifiki huko hata ikiimba. Maana yake usiku wa mvua, taa zako zote zikiwaka, unakula batri, na batri ikiisha plagi hazipati moto. Gari linazimika mtoni kwa sababu ya urembo.

Nilikuwa nimeshajaribu kuunga mbili kimyakimya, waya kutoka batri mpaka kwenye swichi ya dashibodi na kwenda kwenye taa. Swichi iliyeyuka. Umeme mwingi haupitishwi kwenye swichi ya kidole. Swichi inatakiwa ibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei, na rilei iliyo karibu na taa ndiyo ipitishe mzigo, kwa waya mnene mfupi wenye fyuzi yake. Tuliishia na taa mbili za wati 55, oltaneta inayozalisha umeme zaidi badala ya dainamo, na rilei mbili. Tulizifunga pembeni, maana nne mbele ya rejeta zingekuwa pia ukuta wa kuzuia upepo. Kati ya zile nne kubwa, mbili nilimuuzia mtu wa boti, mbili zimebaki.

Na hapo ndipo Mzee alipoanza kunionyesha vifaa alivyoviheshimu yeye. Alisema aliyaona magari ya Safari yakisimama kuongeza mafuta, na watoto wote walitazama taa, ila yeye alitazama nyuma. Kulikuwa na vishikio juu ya buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa. Vya nini? Gari likikwama kwenye tope, msoma ramani anashuka, anasimama juu ya bampa ya nyuma, anashika, anarukaruka, na uzito wake unayapa matairi ya nyuma kitu cha kung'ata. Kulikuwa na mipira mirefu nyuma ya magurudumu ili mawe yasitoboe tangi. Kulikuwa na pampu ya pili ya mafuta iliyokwisha fungwa mahali pake, ya kwanza ikifa unahamisha mpira mmoja tu. Nilimwuliza kuhusu stika. Akasema stika walibandika wenye mashindano.

Kuna kifaa kimoja cha 404 ambacho kilitoka nacho kiwandani na mafundi wengi wamekiua. Feni yake haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoinasa pale tu maji yanapopata moto, na yakipoa inaiachia. Ikiharibika, watu huifunga moja kwa moja kwa skrubu wakaendelea na maisha. Yangu ilikuwa imefungwa hivyo. Tuliifufua, na Mzee akaongeza swichi ndogo ndani ya gari ya kuiachia kwa makusudi. Ukiingia kwenye maji, feni inayozunguka kwa nguvu huyachota na kuyarusha kwenye koili na waya za plagi. Ukiiachia, inalegea tu. Juu ya distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, tulivalisha glavu ya mpira, ncha za vidole zimekatwa na waya zimepita humo. Glavu ile ni ya jikoni kwa mama.

Nilidhani tumemaliza. Nikaendesha Tanga mpaka Muheza, Muheza mpaka Korogwe, nikapita pale Baba alipokesha. Kilomita mia saba kwa miezi mitano, taratibu, nazoesha injini. Kisha difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ikaanza kulia.

Difu ya 404 si kama ya magari mengi. Ndani yake kuna shafti ya chuma iliyochongwa kama skrubu, inazungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni kimya na lina nguvu, lakini meno ya shaba nyeusi yanasuguliwa na chuma muda wote, kwa hiyo kila kitu kinategemea oili. Niliponunua oili, duka moja mjini waliniuzia oili ya difu ya kisasa, ghali kabisa, wakasema ndiyo bora kuliko zote. Kwa difu ya meno ya chuma kwa chuma, ni kweli. Oili hizo zimewekwa salfa ya kulinda chuma kinapokandamizwa, na salfa hiyo joto likizidi hula shaba. Nilimwaga nikakuta oili imekuwa nyeusi, na ndani yake vumbi la dhahabu linang'aa.

Mzee alinusa mara moja. "Hii umeitoa wapi? Kiwandani tungefukuzwa kazi."

Kwenye kiwanda cha mkonge alikuwa ametunza mashine zenye gia za namna hiyohiyo, skrubu ya chuma na gurudumu la shaba nyeusi, zinazopunguza mwendo wa mota. Oili yake ni nzito, haina ile salfa kali, na imechanganywa na mafuta kidogo yenye asili ya wanyama ili iteleze vizuri kwenye shaba. Tulisafisha difu mara mbili kwa oili nyepesi, tukafungua kifuniko, tukatazama kwa tochi. Meno yalikuwa yamebabuka lakini bado yana umbo. Tukajaza oili ya kiwandani. Mtu aliyefufua mashine za kumenya mkonge ndiye aliyeokoa gari la mashindano la Kifaransa, na mimi nilikuwa nimetafuta majibu kila mahali isipokuwa kwa kumwuliza.

Aprili iliyofuata nilipanda Usambara na mpwa wangu. Mombo, Soni, Lushoto, lami yote, kona kwa kona, na 404 ilipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kuchemka. Baada ya Lushoto tukashika barabara ya udongo kuelekea Mlalo. Ukungu ulishuka saa kumi na moja jioni. Niliwasha taa zangu mbili kwa fahari yote ya miaka mitatu, na mbele yangu pakawa ukuta mweupe. Nikazizima. Tuliendelea kwa taa za kawaida zilizoinamishwa, tunaiona barabara mita chache tu, lakini tunaiona.

Kwenye mwinuko mmoja wa udongo mwekundu, mvua ikiwa imeanza, tuliteleza mpaka kwenye mtaro na magurudumu ya nyuma yakabaki yanaimba.

"Mjomba, tunarudi nyuma!"

Nikamwambia ashuke apande kwenye bampa. Hakuelewa. Nikamwonyesha kishikio. Alipanda, akashika, akaanza kurukaruka huku matope yanamruka mpaka mdomoni, nami nikatia gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Gari likatetemeka, likang'ata, likapanda. Alikimbia nyuma yetu hatua ishirini hivi kabla sijathubutu kusimama, na alipoingia ndani alikuwa anacheka kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akicheka. Mto mdogo kabla ya Mlalo tuliuvuka feni ikiwa imeachiwa. Injini haikukohoa.

Tuliporudi Tanga sikuosha gari. Nililipeleka Ngamiani hivyohivyo. Mzee alizunguka akilitazama, akagusa ngao ya chini penye mikwaruzo mitatu mirefu, akaguna. Kisha akaomba spana na bakuli jeupe la bati. Alilala mwenyewe chini ya gari, alinikataza nisimsaidie, akafungua nati ya difu. Oili ikatiririka. Alichovya vidole viwili, akavisugua, akavigeuza juani mara kadhaa karibu na macho yake yaliyofifia, kisha akanishikia mkono nitazame na mimi.

Hakukuwa na dhahabu.

Akarudisha nati, akaniacha nijaze. Akafuta mikono, akaenda upande wa abiria, akaingia, akafunga mkanda. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa ndani gari likitembea.

"Twende mpaka Pongwe na kurudi," akasema. "Nataka niisikilize gia ya tatu."